Vimeng'enya vya Damu na Hewa ya Mwinuko

Sisi wakaazi wa pwani tumezoea hewa nzito ya ufukoni, hata twadhani ndiyo hewa ya dunia nzima. Kwetu hewa hupandisha zebaki ya kipimo milimita 760. Kwenye mwinuko wa mita 5,500 huipandisha kiasi cha nusu ya hapo tu. Oksijeni ni ileile, sehemu 21 katika 100, ila hewa yenyewe imepungua. Kwa hiyo afikaye kilele cha Mlima Kenya, penye mita 5,199, kila pumzi aivutayo ina oksijeni kiasi cha nusu ya ile aipatayo mtu wa Mombasa.

Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipanda kwa puto lililoitwa Zénith hata wakapita mita 8,000. Oksijeni walikuwa nayo katika mifuko, lakini viungo vililegea kabla mikono haijaifikia. Wawili walikufa, Gaston Tissandier peke yake alirejea hai. Naye mwanachuoni Paul Bert alikuwa akiuchunguza upungufu huo pasipo kupanda popote: alitia wanyama katika chumba kilichofungwa, akaipunguza hewa yake, na katika kitabu chake cha mwaka 1878 akabainisha kwamba kiuacho ni uchache wa oksijeni, wala si wepesi wa hewa kwa nafsi yake. Chumba cha namna hiyo chatumika hata leo. Panya hukaa mahali pake, na mlima ndio uletwao kwake.

Basi ni kitu gani kitazamwacho katika damu yake? Vimeng'enya ni protini ziharakishazo kazi za mwili. Vingi katika hivyo makao yake ni ndani ya chembe za ini, za moyo na za misuli. Vikionekana kwa wingi katika maji ya damu, hudhaniwa kuwa kuta za chembe zimepasuka zikavuja. Chembe za ini zilizo karibu na mshipa wa kati hufikiwa na damu iliyokwisha kupokonywa oksijeni yake nyingi njiani, na kwa hivyo ndizo ziumiazo mapema. Hapo vimeng'enya viitwavyo transaminasi hupanda katika kipimo.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Kiko kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenasi, kisaidiacho chembe kupata nguvu pasipo oksijeni. Oksijeni ikipungua, protini iitwayo HIF huziamrisha chembe zikifanye kwa wingi zaidi. (Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuifunua njia hiyo ya mwili kuitambua oksijeni.) Kuzidi kwake ndani ya misuli, basi, huenda kukawa ni maandalizi, kuzidi kwake katika maji ya damu huenda kukawa ni jeraha. Asiyetenga mawili hayo ataita kinga ugonjwa. Tena chembe nyekundu za damu zimejaa kimeng'enya hicho hicho: damu ikitolewa kwa pupa, chembe zikapasuka sindanoni, kipimo kitapanda na mlima haukutenda lolote. Na panya aliye mwinukoni hula kidogo, huogopa, huenda akashikwa na baridi. Yote hayo huibadili damu.

Ndiyo sababu hapana budi wawepo panya wengine wa kulinganishwa, watiwe katika chumba cha namna ileile, kwa makelele yaleyale na muda uleule, walishwe kadiri walavyo wenzao, ila hewa yao isipunguzwe. Mimi silioni jambo hili kuwa ni la hesabu tu. Mnyama ni kiumbe mwenye roho. Mwenye kumtia dhiki, kisha akakosa ilimu iliyo sawa kwa uvivu wa kulinganisha, amemdhulumu bure.

Lipo na suala la kasi. Panya apandishwaye kwa siku nyingi hupata nafasi ya kuzidisha pumzi na chembe nyekundu. Apandishwaye ghafula hana nafasi hiyo. Jedwali lisemalo "mita 6,000", lisitaje alifikishwa huko kwa muda gani wala alikaa siku ngapi, haliwezi kuwekwa kando ya jedwali jingine lolote.