Kipande cha Shaba Kutoka kwa Muuza Vyuma

Somo letu ni hili: mtu akipata kitu cha madini kilichofanywa kwa mkono, kisicho na jina wala alama ya kiwanda, atakitambuaje?

Mfano wetu ni kipande ambacho darasa letu lilikinunua kwa muuza vyuma vikuukuu. Kina mikono minne iliyo sawa, mfano wa herufi X, na toka ncha hata ncha chapata sentimita 20. Muuzaji alisema ni kiungo cha mashine. Wengine wetu walisema ni msalaba wa kanisa. Kukisia ni rahisi, yafaa kupima.

Kwanza, tazama. Hakina tundu la parafujo wala mahali palipolehemiwa. Basi hakikufungwa katika mashine. Upande mmoja ni laini, wa pili umeparuza na una vishimo kama vya mapovu. Hiyo ni dalili ya madini yaliyomiminwa katika kalibu iliyo wazi, upande mmoja ukikabili hewa.

Pili, jaribu kwa sumaku. Sumaku haikunasa, basi si chuma. Palipochubuka kutu ya kijani, rangi ni nyekundu.

Tatu, pima. Uzito ni gramu 836. Tulipokizamisha katika chombo kilichojaa hata ukingoni, maji yaliyomwagika yalikuwa sentimita za ujazo 95. Gawanya 836 kwa 95, utapata 8.8. Chuma ni 7.9, risasi 11.3, shaba nyekundu safi 8.96, mapovu ya ndani hupunguza kidogo. Shaba ya manjano nayo hukaribia hesabu hiyo, ndiyo maana rangi na mizani sharti vishuhudie pamoja. Ni shaba nyekundu.

Nne, linganisha. Huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta misalaba ya shaba pamoja na wafu. Wahunzi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani yaitwayo malakiti kwa makaa, katika tanuru za udongo wa kichuguu, huku mivukuto ikipuliza. Misalaba yao ilikuwa fedha, nayo ilikuwapo karne nyingi kabla ya wamisionari kufika. Basi umbo lake halikutoka kanisani. Ndiyo iliyochorwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960 na katika sarafu zake za 1961. Na tangu 1971 hata 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba.

Tano, uliza kilikotoka. Hapa ndipo tulipokwama, kwa maana muuzaji alikipata katika gunia pamoja na nyaya na mabomba. Misalaba ya kuiga hufanywa pia kwa kuuzia wageni, na kutu ya kijani yaweza kutiwa kwa dawa. Kwa hiyo twasema: ni shaba, kilimiminwa kwa mkono, na umbo lake ni la fedha ya kale. Umri wake hatuuapii. Shahidi aliyeujua ni mahali kilipookotwa, naye amepotea.

Ndugu zangu, muuza vyuma hupima kwa kilo, na tanuru haibagui msalaba na waya. Wahunzi wale hawakutuachia vitabu. Kazi ya mikono yao ndiyo kitabu, na kila kipande kinachoyeyushwa ni ukurasa uliochomwa. Ninyi wakubwa wetu mfanyao kazi migodini na katika biashara ya vyuma, mkiona kitu cha namna hii, kiwekeni kando. Msikipige tupa wala msikisugue king'ae. Andikeni siku, mahali na jinsi kilivyopatikana, kisha kipelekeni kwenye makumbusho, kama yale ya Lubumbashi. Wala mtu asichimbe kaburi kwa kutafuta kingine, kwa maana hiyo ni kufuru kwa wafu na hasara kwa elimu.