Somo: Ujuzi Hauungui na Nyumba

Lengo: Kujifunza kuchagua wafanyakazi na viongozi kwa kazi wanayoweza kufanya, si kwa karatasi peke yake.



Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka na moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila makao. Pamoja na nyumba ziliungua diploma na vyeti. Lakini seremala aliyekimbilia Gisenyi alirudi na ufundi wake, na nyumba za mbao zikasimama tena juu ya mawe meusi. Fundi wa chukudu naye hakusomea chuoni. Alijifunza pembeni ya fundi mwingine, na chukudu yake hubeba mamia ya kilo za makaa na viazi.

Vita navyo vimefanya kazi ileile ya moto. Familia nyingi za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zilikimbia bila karatasi. Mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari, kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika tena. Kwa mtu aliyekimbia mara nyingi hivyo, swali la kwanza liwe: unajua kufanya nini?

Kwa nini hili ni jambo la amani?

Kazi ni chache. Mradi ukidai diploma hata kwa kazi ya kusimamia bomba la maji, wakimbizi wa ndani wanaona mlango umefungwa. Lakini mradi ukisema "hatuangalii diploma", kisha ukachukua ndugu za kiongozi, wenyeji na makabila mengine wanaona wameonewa. Yote mawili huzaa chuki. Diploma, pamoja na upungufu wake, ni kipimo ambacho kila mtu anakiona. Tukiiweka pembeni, lazima tuweke kipimo kingine kinachoonekana na wote.

Hatua nne

1. Andikeni kazi yenyewe. Msiandike "mtu aliyesoma". Andikeni: "mtu anayeweza kuorodhesha familia 50 bila kuruka hata moja, na kutuliza foleni".

2. Pimeni kwa kazi. Kila mwombaji apewe jaribio lilelile. Wapimaji watoke pande mbalimbali, wakimbizi na wenyeji, wanawake na wanaume. Mwenye jamaa kati ya waombaji asipime.

3. Tangazeni matokeo mbele ya watu, na mweleze sababu. Aliyekosa aambiwe ajifunze nini.

4. Mleeni awe kiongozi. Asipewe cheo kikubwa siku ya kwanza. Aanze kama msaidizi: aongoze mkutano mmoja, atunze daftari la pesa mwezi mmoja pamoja na mwenzake, aketi na wazee wanaposuluhisha ugomvi wa shamba. Baada ya kila kazi, kaeni naye mseme kilichokwenda vizuri na cha kurekebisha. Asiyejua kusoma anaweza kuongoza. Apewe mwandishi, na apewe pia nafasi ya kujifunza kusoma.

Tuwe waangalifu

Kuna kazi ambazo cheti ni lazima, kama kuchoma sindano na kutoa dawa. Hapo kukosea kunaweza kuua. Na msikubali kupoteza haki ya hati zenu. Kanuni ya 20 ya Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, inasema wenye mamlaka wawape hati mpya za utambulisho, kuzaliwa na ndoa, bila kuwalazimisha kurudi walikotoka ili kuzipata.

Maswali ya kujadiliana

- Katika mtaa wetu, nani ana ujuzi ambao hakuna aliyemwuliza?
- Kazi iliyopita ilitolewa kwa kipimo gani? Je, wote walikiona?
- Ni kijana gani, na ni mama gani, tunayeweza kumkabidhi kazi ndogo ya uongozi mwezi huu? Nani atakaa naye kumfundisha?