Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama: Jinsi Zebaki Inavyopimwa Mtoni

Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki ili inase dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo hutoka na maji ya kuoshea na inaweza kufika Mto Migori, unaoungana na Mto Kuja na kuishia Ziwa Victoria.

Zebaki iliyoyeyuka majini haionekani wala haina ladha. Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu, lakini hakuondoi zebaki. Ni maabara pekee inayoweza kuitambua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Hizo ni sawa na gramu 6 ndani ya malori 100 ya maji, kila lori likibeba lita 10,000. Kwa kiasi kidogo namna hii, chupa chafu yaweza kuharibu matokeo yote. Ndiyo maana wapimaji hufuata hatua hizi:

1. Hutumia chupa za kioo zilizooshwa kwa asidi. Plastiki ya kawaida inaweza kunyonya zebaki.

2. Huvaa glavu, huanzia sehemu ya chini ya mto wakipanda juu, na huelekeza mdomo wa chupa kunakotoka mkondo bila kutibua tope.

3. Huchukua sampuli juu ya machimbo na chini yake. Tofauti ya vipimo ndiyo huonyesha uchafu unakoanzia.

4. Hubeba chupa moja ya maji safi ya maabara, huifungua mtoni kisha kuifunga. Zebaki ikipatikana humo, kosa ni la upimaji, si la mto.

5. Hutia asidi kuhifadhi sampuli, huandika mahali, tarehe na saa, kisha huzipeleka maabara zikiwa kwenye barafu.

Hata hivyo, majibu mazuri ya maji pekee hayatoshi. Zebaki hutua kwenye tope, ambako bakteria huigeuza kuwa sumu inayojilimbikiza katika samaki na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo, tope na samaki pia wapimwe.

Wakazi wakisomewa matokeo barazani, waulize: sampuli zilichukuliwa wapi, lini, na je, samaki walipimwa?