Skonzi za Ngozi ya Kahawia: Oka Nyumbani, Magadi ya Ziwani Acha!

Leo somo letu la afya linaanzia jikoni. Skonzi laini yenye yai, maharage au parachichi ndani inashibisha kuliko andazi kavu, tena unaweza kuioka mwenyewe. Karatu tunalima ngano, kwa hiyo unga si kitu kigeni kwetu.

Wajerumani wana mkate uitwao pretzel. Ngozi yake ni ya kahawia, ndani ni laini. Siri yake? Kabla ya kuokwa, donge huchovywa kwenye maji yenye alkali. Alkali huharakisha protini na sukari zilizo juu ya donge kuungana kwenye joto, na ndipo rangi ya kahawia inapotokea.

"Alkali? Si tunayo magadi!" Ngoja kwanza.

MAGADI NA MENO YETU

Ni kweli magadi ni alkali. Asili yake ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Hata lava ya Oldoinyo Lengai, mlima ulioko wilaya ya Ngorongoro, ina kaboneti ya sodiamu kwa wingi. Maji huyeyusha chumvi hizo na kuzipeleka kwenye maziwa yasiyo na mto wa kutokea, kama Ziwa Magadi lililomo ndani ya Kreta. Jua likikausha maji, magadi hubaki.

Tatizo ni kwamba magadi hayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi huharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Walio hatarini zaidi ni watoto wenye umri chini ya miaka 8, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi. Yakiota yana madoa ya kahawia, hata upige mswaki vipi hayatoki. Na kuchemsha hakuondoi floraidi!

Kwa hiyo, magadi unayotia leo kwenye makande, maharage au mkate yanaweza kuonekana miaka ijayo kwenye meno ya mdogo wako. Na mwenzako mwenye meno ya kahawia si mchafu. Usimcheke.

MAHITAJI (skonzi 8)

- Unga wa ngano nusu kilo
- Hamira kijiko kimoja na nusu cha chai
- Sukari kijiko 1 cha chakula
- Chumvi yenye madini joto kijiko 1 cha chai
- Mafuta vijiko 2 vya chakula
- Maji ya uvuguvugu mililita 300
- Baikaboneti ya soda ya dukani, iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, vijiko 3 vya chakula

NAMNA YA KUOKA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Changanya vitu vyote isipokuwa baikaboneti, kisha kanda dakika 10.
2. Funika, acha unga uumuke hadi uwe mara mbili. Usitazame saa tu, tazama unga wenyewe. Kwenye miinuko kama yetu mkandamizo wa hewa ni mdogo, unga huumuka haraka. Lakini asubuhi ya baridi ya Juni huchelewa.
3. Gawa madonge 8, viringisha, acha dakika 15.
4. Chemsha lita moja ya maji, tia baikaboneti kidogo kidogo maana hutoa povu. Usitumie sufuria ya aluminiamu, alkali huila.
5. Chovya kila donge sekunde 20, opoa, lichuje maji. Lichanje juu kwa kisu.
6. Tandika jani la mgomba lililopakwa mafuta ndani ya sufuria kavu, panga madonge. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Oka dakika 20 hadi 25. Ukigonga skonzi chini ikatoa mlio wa kitu kitupu, imeiva.

ANGALIZO: Okea nje au mahali penye hewa. Jiko la mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata baridi iwe kali vipi, usiingize jiko hilo chumbani mkalala nalo. Watu hufa usingizini!

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwenu magadi hutiwa kwenye vyakula gani? Kuloweka maharage usiku kucha kunaweza kusaidia vipi?
2. Kwa nini maji yenye floraidi yakichemshwa sana huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita?
3. Utamweleza vipi bibi yako, kwa heshima, kuhusu magadi na meno ya wajukuu?

Haya, kazi kwenu. Skonzi ya kwanza mpe mdogo wako!