TULINDE WATOTO WETU: LUTUKU NA BANGI MASOMONI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, somo letu leo si la kofia wala viatu vya kazi. Ni juu ya mtoto unayemtuma masomoni kila asubuhi.

Hapa Lubumbashi, kutoka Kamalondo mpaka Ruashi, mtoto hahitaji kwenda mbali ili apate lutuku. Hakuna anayepima nguvu yake, na ikipikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Kuna bangi, kuna vidonge vya kulevya vinavyouzwa bila karatasi ya munganga. Mwaka 2021, huko Kinshasa, ilijulikana kwamba vijana wanavuta "bombé": unga unaotolewa ndani ya chombo cha kusafisha moshi wa gari, ukachanganywa na vidonge. Wewe unayefunika pua na mdomo kazini unajua vumbi la metali linafanya nini katika mapafu.

Ubongo wa mtu unakomaa mpaka karibu miaka 25. Anayeanza kulewa akiwa mtoto hunaswa upesi kuliko mtu mzima.

Wengi wanadhani inatosha kuita polisi, au mtu aliyeacha bangi, aje kutisha wanafunzi mara moja kwa mwaka. Lakini muongozo uliotolewa mwaka 2018 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, UNODC na OMS, unaonyesha kwamba vitisho hivyo havileti faida. Fikiri kazi yetu: hakuna anayejifunza kukimbia moto chini ya shimo kwa kuonyeshwa picha ya maiti. Tunajifunza kwa zoezi, tena na tena, mpaka miguu ijue njia. Mtoto naye ni vilevile.

Mzazi mmoja anaweza kuanzisha kazi hiyo. Fuata njia hii:

1. Nenda kwa prefe au direkta pamoja na komite ya wazazi. Musiende kulaumu, muende kusaidia.

2. Ombeni walimu wawili wanaosikilizwa na wanafunzi waongoze mazoezi kwa majuma mengi, si siku moja. Mwanafunzi mmoja anatoa kikombe, mwenzake anakataa bila ugomvi na bila aibu. Kisha wabadilishane.

3. Andikeni sheria iliyo wazi: hakuna pombe, tumbako wala bangi katika kiwanja cha masomo, kwa wanafunzi na kwa walimu pia.

4. Mtoto akikamatwa, musikimbilie kumfukuza. Aliyefukuzwa atashinda siku nzima pale lutuku inapouzwa. Aitwe pamoja na wazazi, apelekwe kwa munganga, na afuatwe mpaka asimame tena.

5. Nyumbani, usimtume mtoto kununua pombe. Anayebeba chupa leo, kesho ataonja.

Mwalimu peke yake hawezi. Kazini hatungoji jiwe lianguke ndipo tuvae kofia.

Jioni ya leo, jiulize:
– Mtoto wangu anatoka masomoni saa ngapi, na anafika nyumbani saa ngapi?
– Ninajua majina ya rafiki zake watatu?
– Akipewa kikombe kesho, amekwisha kujifunza namna ya kukataa?