Uamuzi wa Serikali Unafikaje Shambani Kwako?

Leo tuanze somo letu jikoni, kwenye sufuria ya maharage.

Hapa karibu na Ngaramtoni kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian. Ni kituo cha serikali. Huko ndiko ilikotoka mbegu ya maharage iitwayo Selian 97. Kabla mbegu hiyo haijafika mkononi mwa mkulima, watu fulani walikaa wakaamua kwamba fedha ya umma itumike kutafuta maharage yanayozaa vizuri. Basi ukipika maharage hayo, umepika na uamuzi wa serikali ndani yake.

Uamuzi ni nini? Ni neno la mwisho baada ya watu kushauriana: hili tutafanya, lile hatutafanya. Uamuzi wa nyumbani unawagusa watu wa boma moja. Uamuzi wa serikali unawagusa watu wengi, hata wale ambao siku hiyo walikuwa shambani hawana habari.

Tutazame mifano mingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walikaa chini ya miti, kwenye makanisa na kwenye madarasa ya watoto, wakajifunza kusoma. Mwaka 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na watoto wengi waliokuwa wanachunga wakaandikishwa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Wazee wetu waliiita kodi ya kichwa, na wapo wanaokumbuka jinsi walivyojificha migombani waliposikia mgambo wanapita.

Hiyo ni mifano ya uamuzi ulioleta nafuu. Lakini upo pia uamuzi unaoumiza. Mfano wake hatuhitaji kuutafuta mbali. Uko upande wa pili wa mlima wetu.

YALIYOTOKEA NGARE NANYUKI MWAKA 1951

Kaskazini mashariki ya Mlima Meru kuna mahali panaitwa Ngare Nanyuki. Wameru walikuwa wakiishi huko, wakilima na kufuga. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Maana yake, Waingereza walikabidhiwa nchi waitunze. Hawakupewa iwe mali yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali hiyo ilimwagiza jaji mmoja, Mark Wilson, achunguze habari za ardhi katika Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Alishauri kwamba ardhi iliyoko kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro iwe eneo moja la walowezi wa Kizungu, wafuge humo ng'ombe. Na Wameru waliokuwa humo je? Wahamishiwe mahali pengine, upande wa Kingori.

Wameru walikataa. Walisema ardhi ile haifai kwa maisha yao na mifugo yao. Walikataa na fidia pia.

Mwezi Novemba mwaka 1951 askari walifika Ngare Nanyuki. Watu walitolewa majumbani, vitu vyao vikapakiwa kwenye malori, nyumba zikachomwa moto. Watu kama 3,000 walihamishwa kwa nguvu.

Hebu simama hapa kidogo ufikiri. Moto ulionekana mwaka 1951. Lakini uamuzi wenyewe ulianza kuandikwa miaka kadhaa nyuma. Ulikuwa karatasi kabla ya kuwa moto. Na waliouandika hawakuwa wale ambao nyumba zao zingeungua.

Wameru nao wakafanya nini? Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, mtu na mtu, na wakaandika malalamiko yao. Walimchagua mwenzao, Kirilo Japhet, apeleke maneno hayo mbele. Alisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Mwaka 1952 walifika New York, Marekani, wakasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu kutoka vijiji vya Meru alisimama mbele ya wajumbe wa nchi za dunia akaeleza habari ya mashamba ya kwao.

Je, walishinda? Hatutaki kukudanganya, msomaji. Katika kamati, wajumbe wengi waliwaunga mkono. Lakini katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili, na Ngare Nanyuki haikurudishwa kwa kura ile. Hata hivyo, habari ya Meru ilisikika Tanganyika nzima. Watu wa mikoa mingine wakajiuliza: ikiwa Wameru wamefanyiwa hivi, sisi kesho itakuwaje? Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza: uamuzi hauanguki kutoka mbinguni. Una mahali unapoanzia, una watu wanaoushauri, na una karatasi yake. La pili: ni vigumu sana kuuzuia uamuzi ukishafika mlangoni. Ni rahisi zaidi kuusema ungali kwenye mkutano.

SASA HIVI IKOJE?

Leo sheria inatupa mlango ambao watu wa Ngare Nanyuki hawakuwa nao. Mlango huo unaitwa Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Mkutano Mkuu ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wanawake kwa wanaume, mwenye ng'ombe mia na asiye na hata kuku. Unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mkutano huu ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwaka 2024 ulifanyika tarehe 27 Novemba.

Kuhusu ardhi ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria hiyo inasema mambo ambayo kila mwanakijiji ayajue:

1. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Ardhi ya kijiji si mali ya mwenyekiti wala ya mtendaji.

2. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kibali cha Mkutano Mkuu.

3. Mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawa na mwanaume. Hapa kwetu jambo hili bado ni gumu katika maboma mengi, lakini ndiyo sheria.

4. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa ajili ya manufaa ya umma. Lakini taarifa lazima itolewe kwa wanakijiji. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, yaani karibu eka 618, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, akisikia kwanza maoni ya Mkutano Mkuu. Na habari ya fidia imalizwe kabla ardhi haijahamishwa.

Lakini angalia jambo moja. Hapa kwetu mji unakua. Nyumba za Arusha zinasogea mwaka hadi mwaka, na mahali palipokuwa na mahindi sasa pana vigingi vya viwanja. Eneo likishatangazwa kuwa la mji, taratibu za ardhi hubadilika, na mambo mengi ya sheria hii hayatumiki tena. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mtendaji ni hili: sisi hapa bado ni ardhi ya kijiji, au tumeshatangazwa eneo la mji? Watu wengi hawajui. Wasiojua ndio wanaoshtukia.

KARATASI YA KOKO

Sasa tuwasimulie jambo tulilolishuhudia wenyewe darasani. Kijiji hatukitaji.

Koko mmoja, mjane, alikuja darasani na karatasi ameikunja ndani ya kitambaa. Alisema aliletewa nyumbani, akaambiwa aweke dole gumba, kwa sababu alihudhuria mkutano wa maji. Aliweka. Kisha akaomba apewe nakala. Kijana aliyeileta alicheka, akasema, "Koko, utaifanyia nini?" Lakini alimpa.

Siku ile tuliacha somo tulilopanga. Tulimwambia, "Koko, soma." Alisoma polepole, silabi kwa silabi, kidole kikifuata mstari. Darasa lote lilinyamaza. Alipofika mstari wa tatu alisimama. Akarudia. Karatasi haikuwa ya maji. Ilikuwa orodha ya mahudhurio ya mkutano wa kukubali eneo la malisho ligawiwe. Na malisho hayo ndiyo aliyochungia mbuzi wake watano.

Alituuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mimi nimekubali?"

Swali hilo lilituuma. Hatukuwa na jibu la haraka.

Tuliwashauri wanadarasa wafanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Waliandika barua fupi kwa Halmashauri ya Kijiji, kwa mkono wao wenyewe, wakaomba muhtasari wa kikao usomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Walibaki na nakala. Siku ya mkutano walikwenda wote, wakakaa mbele. Muhtasari uliposomwa kwa sauti, watu wengi walisema hawakuwepo siku hiyo, na majina yao yamo. Jambo likarudishwa lijadiliwe upya. Malisho hayakugawiwa katika mkutano ule.

Hatusemi kwamba viongozi wale walikuwa wezi. Huenda walifanya haraka. Huenda waliona kuita mkutano ni kazi kubwa. Lakini tazama: wasingehitaji dole la koko kama dole hilo halina nguvu. Alama yako ina uzito, ndiyo maana inatafutwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma au hujasomewa na mtu unayemwamini. Ukiambiwa, "Fanya haraka, gari linasubiri," hapo ndipo usome polepole zaidi.

Pili, uzoee kusoma ubao wa matangazo wa kijiji. Siku ya gulio, kabla ya kurudi nyumbani, pita hapo ukasome.

Tatu, nenda mkutanoni. Wengi wetu tunasema, "Mikutano ni maneno tu." Ni kweli ni maneno. Lakini maneno hayo kesho yatakuwa barabara, au zahanati, au kigingi katikati ya shamba lako. Waswahili wamesema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata ukikwepa mkutano, uamuzi wake utakufuata nyumbani.

Nne, dai muhtasari usomwe kabla kikao kipya hakijaanza. Kuuliza si ugomvi. Unaweza kuuliza kwa heshima: "Ndugu Mwenyekiti, naomba tusomewe tuliyokubaliana mkutano uliopita."

Tano, kukiwa na mgogoro wa ardhi kijijini, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu 7, na wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kusuluhisha.

Ndugu msomaji, wewe ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima, baada ya kazi, macho yakiwa mazito. Usiiweke elimu hiyo kabatini kama nguo ya sikukuu. Mbegu isiyopandwa huliwa na wadudu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Fidia: malipo ya kitu chako kilichochukuliwa au kuharibiwa.
Mahudhurio: orodha ya watu waliokuwepo kwenye mkutano.
Muhtasari: maandishi mafupi ya yale yaliyosemwa na kukubaliwa kikaoni.
Mlowezi: mgeni aliyekuja kukaa na kulima nchi isiyo yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja uamuzi mmoja wa serikali ulioleta nafuu nyumbani kwako, na mmoja ulioleta taabu. Ulipata habari yake lini: kabla au baada?
2. Kwa nini Wameru walichagua kuandika na kumtuma mtu badala ya kupigana?
3. Mkutano Mkuu wa mwisho kijijini kwenu ulifanyika lini? Nani kati yenu alikwenda? Wanawake walisema?
4. Eneo lenu ni ardhi ya kijiji, au limetangazwa la mji? Mchagueni mmoja aende kumwuliza mtendaji, alete jibu kikao kijacho.

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua ya mistari mitano kwa Halmashauri ya Kijiji, ukiomba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe. Weka tarehe. Weka jina lako lote. Na chini yake, badala ya dole, weka sahihi.