SOMO: KAZI YA PAMOJA KATIKA MTAA WETU

Kusudi la somo: Mwisho wa somo hili, majirani waweze kuchagua kazi moja ya kutengeneza mtaa wao, kuifanya kwa pamoja, na kuitunza isiharibike.

Namna ya kulitumia: Someni mkiwa kikundi. Anayejua kusoma awasomee wengine kwa sauti, na anayejua lugha nyingine awatafsirie wasiosikia Kiswahili. Msilimalize kwa siku moja. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumza.

1. Siku ya tatu ya mgeni

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wako hapa watu zaidi ya 150,000 kutoka nchi zaidi ya 10: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Wako waliofika na mtoto mgongoni, na sasa mtoto huyo ana watoto wake. Siku ya tatu imekwisha kupita zamani.

Mtu anaweza kutamani kurudi kwao kila siku, na bado akaziba shimo lililo mbele ya mlango wake. Mambo haya mawili hayagombani. Shimo likijaa maji ya mvua, mbu hawaulizi kama mwenye nyumba anakaa au anaondoka.

2. Kila taifa lina jina lake

Kazi ya pamoja si jambo lililoletwa na mashirika. Kila mmoja wenu alilijua kwao.

Warundi wana ikibiri: majirani wanalima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Rwanda wana umuganda, ambao sasa hufanyika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Wakongomani waliokua wakati wa Zaire wanaikumbuka salongo. Wasomali wanakumbuka maneno iskaa wax u qabso, yaani jifanyie mwenyewe, yaliyotumika sana baada ya mwaka 1969 kujenga shule na barabara. Waganda wana bulungi bwansi, kazi ya kusafisha njia na visima kwa faida ya wote. Kenya wana harambee, na Waswahili husema ujima.

Basi mkikutana mtaani, msianze na kitu kipya. Ulizeni: kwenu mliifanyaje? Nani aliita watu? Nani alileta chakula? Asiyekuja alifanywa nini? Kwa maswali hayo mtapata mafundisho mengi kuliko yaliyo kwenye karatasi hii.

3. Hiari si shokoa

Katika majina hayo, mengine yana kumbukumbu chungu. Wazee wengi watasema kwamba salongo ilikuwa kazi ya amri. Mtu alifagia kwa kuogopa chifu au faini, na matunda ya kazi hakuyaona. Mahali pengine kazi ya pamoja ilitumiwa na wakubwa kwa faida yao. Ndiyo sababu mtu akisikia "njooni tufanye kazi ya bure", anaweza kunyamaza na kufunga mlango. Msimwite mvivu. Huenda amekumbuka.

Tofauti ya kujitolea na shokoa iko katika mambo matatu:

(a) Waliofanya kazi ndio walioichagua.
(b) Asiyekuja hapigwi, halipishwi faini, hanyimwi maji wala jina lake halipelekwi ofisini.
(c) Faida ya kazi inaonekana kwa waliofanya, na kwa wote sawasawa.

Likikosekana moja katika hayo, watu watakuja mara ya kwanza, na mara ya pili hawatakuja.

4. Kuchagua kazi

Kosa linaloua kazi nyingi ni kuchagua kubwa mno. Watu wanasema "tutasafisha kijiji kizima", wanachoka siku ya kwanza, na kijiji kinabaki kama kilivyokuwa. Chagueni kazi ndogo inayoweza kumalizika kwa siku moja au mbili.

Tembeeni mtaani pamoja, wanaume, wanawake na vijana, asubuhi moja. Tazameni: maji yanasimama wapi? Takataka zinatupwa wapi? Watoto wanaanguka wapi? Wanawake wanaogopa kupita wapi jioni? Andikeni yote mliyoyaona, kisha kila mtu aweke kijiwe kimoja kwenye jambo analoona la kwanza. Waacheni wanawake waweke vijiwe vyao bila kusimamiwa, maana wao ndio wachotaji wa maji na wanaoijua njia.

Kwa kila jambo lililopata vijiwe vingi, ulizeni maswali manne:

- Je, tunaweza kulimaliza kwa majembe tuliyo nayo?
- Je, ni ardhi ya nani?
- Je, likiharibika tunaweza kulitengeneza wenyewe?
- Je, ni kazi yetu, au ni kazi ya shirika au serikali?

Swali la ardhi msilipuuze. Viwanja hapa hugawiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Msichimbe mtaro kupita kiwanja cha mtu bila ruhusa yake, hata kama hayupo. Karibu na ziwa na vinamasi msichimbe wala kukata mimea kabla ya kuuliza. Vinamasi vya Mburo na Nakivale viliandikishwa mwaka 2006 kuwa ardhioevu yenye thamani kwa dunia nzima, na tena ndivyo vinavyochuja maji ya ziwa. Mwenyekiti wa Baraza la Ustawi wa Wakimbizi (RWC) wa kijiji ajulishwe kabla, na mwenyekiti wa LC kama kazi inawagusa wenyeji.

5. Mfano: tope kwenye bomba

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana na wengi. Bomba la maji liko chini ya mteremko. Maji yanayomwagika yamefanya tope. Watoto wanasimama humo miguu mitupu, ng'ombe na mbuzi wanakuja kunywa, na mbu wanazaa.

Kwanza, tazameni koki. Koki inayovuja lita moja kwa dakika inapoteza lita 1,440 kwa siku, yaani jerikani 72 za lita 20. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Basi koki moja mbovu inamwaga maji ya watu 96. Mtaro hauponyi koki. Mpasheni habari fundi au kamati ya maji kwanza, ndipo mchimbe.

Pili, amueni maji yaende wapi. Hapa Isingiro migomba iko kila upande, na mgomba unapenda maji. Mtaro unaweza kuyapeleka kwenye migomba au bustani ya mboga. Pasipo bustani, chimbeni shimo la kunywea maji, upana meta moja na kina meta moja, mlijaze mawe. Mtaro usielekee choo wala nyumba ya jirani.

Tatu, pimeni mteremko. Katika kila meta moja, mtaro ushuke sentimeta moja au zaidi kidogo. Kwa mtaro wa meta 40, mwisho uwe chini ya mwanzo kwa sentimeta 40. Kama hamna kipimo, mwageni jerikani moja ya maji mtaroni mtazame. Yakisimama mahali, pachimbeni tena.

Nne, gawanyeni kazi. Mtaro wa upana sentimeta 40 na kina sentimeta 30 si mzito. Watu wawili wanaweza kuchimba meta nne kwa saa mbili, mmoja akilima na mwingine akitoa udongo, kisha wakabadilishana. Kwa meta 40 mnahitaji watu 20. Wengine walete mawe, na wengine waweke uzio wa miti kuzuia mifugo. Mwenye ng'ombe asifukuzwe bila kuonyeshwa pa kunyweshea, maana uzio utavunjwa usiku.

6. Siku ya kazi

Anzeni saa moja asubuhi, mmalize saa tatu. Saa mbili zinatosha. Mtu ana shamba lake, ana foleni yake, ana kibarua chake. Mkimshika hadi mchana, Jumamosi nyingine hatakuja.

Kabla ya siku hiyo hesabuni zana: majembe, mabeleshi, toroli, mapanga. Andikeni kila zana ni ya nani, na irudishwe siku hiyo hiyo. Jembe likipotea, urafiki wa mtaa umepotea nalo.

Wazee na wagonjwa wasibebeshwe udongo. Mzee anaweza kukaa kivulini akaangalia watoto wadogo, na hiyo ni kazi kamili. Angalieni pia kwamba wanaume wasichimbe huku wanawake wakipika, wakichota maji na kuchimba vilevile.

Wekeni maji ya kunywa na ya kunawa kwa sabuni. Anayeshika takataka avae viatu na afunike mikono, hata kwa mifuko. Sindano na vitu vya hospitali msiviguse, mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji (VHT).

Fanyeni kazi mkiwa mmechanganyika. Mkiwaweka Wakongomani upande mmoja na Wasomali upande mwingine, mtachimba mitaro miwili isiyokutana. Waalikeni wenyeji wa Isingiro pia. Bomba ni moja na barabara ni moja.

7. Siku baada ya siku ya kazi

Siku ya kwanza watu ni wengi, wanaimba, na pengine kuna mpiga picha. Mtaro hauharibiki siku hiyo. Unaharibika wiki ya sita, wakati majani yameziba na hakuna anayeona kuwa ni kazi yake.

Mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo maji yaliyosimama yaondolewe kila wiki, yasingoje mwezi. Gawanyeni nyumba zilizo karibu na mtaro katika makundi manne, kila kundi lichukue wiki moja. Dakika 20 zinatosha kutoa majani na tope. Andikeni zamu kwenye ubao mahali pa bomba, ili kila mtu aone bila kuuliza. Mvua kubwa hapa huanza Machi, na tena Septemba. Mwezi mmoja kabla, mtaro wote ukaguliwe.

Kazi isiyo na mtunzaji msiianze.

8. "Kwa nini nifanye bure, na mimi nina njaa?"

Swali hili litaulizwa, na ni swali la haki. Aprili 2020 mgao wa chakula wa WFP katika makazi ya wakimbizi Uganda ulishuka hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukafika asilimia 60. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini walikosa msaada huo. Mwenye njaa hachimbi kama aliyeshiba. Ndiyo maana tumesema saa mbili tu, na kwamba asiyeweza asilazimishwe.

Lakini hesabuni upande wa pili. Mtoto akiugua malaria, mama anapoteza siku za kazi shambani, na wengine hulipa boda boda hadi kituo cha afya, au hufika mpaka hospitali ya Mbarara. Saa mbili za kuondoa maji machafu ni za kulinda mfuko wa nyumba. Kazi ya pamoja pia yaweza kuleta kitu mkononi. Vijana wakimbizi wa Opportunigee, hapa hapa Nakivale, wametumia chupa za plastiki zilizojazwa udongo kama matofali ya kujengea. Takataka za mtaa zimekuwa kuta.

Kama shirika linatoa posho kwa kazi fulani, hilo lisemwe wazi tangu mwanzo: ni shilingi ngapi, kwa nani, kwa siku ngapi. Mambo mawili yasichanganywe. Jirani akigundua kwamba mwenzake alilipwa kwa kazi aliyoambiwa ni ya kujitolea, mtaa huo hautaitika tena.

9. Kazi isiyo yenu

Kujitolea hakufuti wajibu wa wengine. Kupima maji, kutengeneza pampu kubwa, kunyonya vyoo vilivyojaa, kujenga daraja na kulinda usalama ni kazi za wenye mafunzo na bajeti. Msizibebe kimya. Pelekeni kwa RWC barua fupi yenye tarehe: tatizo gani, liko wapi, linagusa nyumba ngapi, na ninyi mmekwisha kufanya nini. Wekeni nakala. Barua inayosema "tumechimba meta 40, tunaomba koki moja" ni vigumu kuitupa kuliko ile inayosema "tusaidieni".

Maswali ya kuzungumza

1. Kwenu mlikotoka, kazi ya pamoja iliitwaje? Nini kilikuwa kizuri ndani yake, na nini kilikuwa kibaya?
2. Ni kazi gani mtaani kwenu iliyoanzwa ikafa? Ilikosa nini?
3. Katika mtaa wenu, ni nani hawaitwi kwenye mikutano? Nani atakwenda kuwaita?
4. Chagueni kazi moja ya saa mbili. Nani ataitunza wiki ya sita?

Msiondoke kabla ya kujibu swali la nne kwa majina ya watu.